Viganja Viwili vya Mwalimu Visigino

Jumatatu hii, tarehe thelathini, saa kumi alasiri, Mwalimu Visigino ataniletea ofisini ufunguo wa chumba cha matandiko na kutia saini daftari la kutoka kwa mara ya mwisho. Atakuwa ameitumikia klabu yetu ya farasi miaka thelathini na moja na miezi minne. Nimepekua madaftari ya mahudhurio tangu alipoanza, kazi iliyonichukua wiki nzima na kunipigisha chafya zisizo idadi, nikakuta kwamba katika muda wote huo alichelewa mara mbili tu. Mara ya kwanza alikuwa anajifungua binti yake. Mara ya pili farasi ndiye aliyekuwa anajifungua, na mwalimu alikuwa humo humo bandani tangu alfajiri, ila hakupata mkono mkavu wa kutia saini.

Kamati imenipa mimi, karani wa mapokezi, kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu nimefanya naye kazi muda mrefu kuliko mfanyakazi mwingine yeyote. Asifuye mvua imemnyea, na mimi mvua ya mwalimu huyu imeninyea miaka kumi na tisa, mara nyingine bila mwavuli. Kwa hiyo msomaji asitarajie niandike kama mgeni.

Jina lake kamili limo kwenye faili, na faili limo kwenye kabati nyuma yangu, lakini nikiliandika hapa sijui nani atamtambua. Yeye ni Visigino. Ukisikia mtu anapaza sauti kutoka uwanja wa mchanga, "Visigino chini!", ujue jua limechomoza na kazi imeanza. Imani yake ni kwamba mpandaji akishusha visigino, mengine yote hujipanga yenyewe: vigimbi vinakaza, mapaja yanatulia, nyonga inafunguka, tumbo linaingia ndani na mgongo unasimama. Akivipandisha, basi huyo ni gunia tu limewekwa juu ya farasi. Imani hiyo haiachi getini anapoondoka. Siku moja tulikuwa kwenye foleni ya posta, bwana mmoja mbele yetu akasimama kwa ncha za vidole ili aone kwa nini mstari hausogei. Mwalimu akamgusa bega na kumwambia ashushe visigino. Akashusha, wala hakuuliza kwa nini.

Wengi wanadhani alizaliwa juu ya tandiko. La hasha. Alipokuja hapa alikuwa mshonaji aliyeacha kiwanda cha nguo baada ya miaka tisa ya kuinamia cherehani. Mgongo ulikuwa umepinda, na shingo ilikuwa inageukia kulia tu, hivyo akiitwa kutoka kushoto alilazimika kuzungusha mwili mzima. Daktari alimwambia afanye mazoezi. Akauliza mazoezi gani, akaambiwa yoyote. Mumewe, fundi redio ambaye hadi leo anaisimulia habari hii kwa raha kuliko mwenyewe, alimshauri awe anatembea jioni. Yeye akaliona tangazo letu la kutafuta mfagiaji wa mabanda, akaamua kwamba kama ni jasho, heri litoke kazini.

Kwa miaka mitatu alifagia, akabeba ndoo za maji, akabadilisha majani ya kulalia farasi. Hakuwa amempanda hata mmoja. Ikaja asubuhi ambayo mtunza farasi mkuu wa enzi hizo aliteguka mguu, na jike mmoja aliyekuwa amefungiwa siku tatu alikuwa anaupiga mlango mateke. Mtunza farasi akamnyooshea mfagiaji hatamu, akamwambia ampande na kuzunguka naye uwanjani polepole. Hakuna kazi yoyote, ni kukaa tu. Alizunguka dakika arobaini. Aliposhuka, miguu ilimkana. Alikaa mchangani akashindwa kuinuka, na farasi akainamisha kichwa kumnusa, kulikoni. Siku mbili zilizofuata alizipanda ngazi za nyumbani kwake kwa makalio, kipandio kimoja baada ya kingine, huku mumewe akimsubiri juu na kikombe cha chai. Siku ya tatu mumewe alimwita kutoka kushoto, akageuza shingo. Shingo peke yake, mwili umetulia. Fundi redio anasema aliacha redio ya mteja ikiwa wazi mezani na kumwomba ageuze tena.

Tangu siku hiyo, yeyote aliyemwambia kwamba kupanda farasi ni kukaa tu amejuta. Alijifunza kwa kuwanyoosha miguu farasi wa wanachama waliosafiri. Alifanya mtihani wa chama cha walimu wa upandaji, akafeli, akarudia, akafaulu. Ameniomba niandike kwamba alifeli, kwa hiyo nimeandika.

Miaka ishirini na miwili iliyopita alianzisha Darasa la Viti. Klabu ilikuwa na madarasa ya kuruka viunzi, ya watu wanaotaka vikombe. Yeye alitaka watu wanaotaka migongo. Darasa lilikuwa, na bado ni, la Jumanne na Ijumaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa wale ambao riziki imewafunga kwenye kiti: dereva wa lori, mshona viatu, mchora ramani, mpokea simu wa hospitali, na baadaye karani mmoja wa mapokezi. Ndipo ilipozaliwa desturi iliyolifanya darasa hili lijulikane.

Kipindi kikiisha, kila mmoja hushuka na kusimama kando ya farasi wake. Mwalimu huwapitia kwa zamu. Kiganja cha kushoto hukiweka shingoni mwa farasi, cha kulia mgongoni mwa mpandaji, kati ya mabega. Hufumba macho kidogo. Mgongo ukiwa umelowa kuliko shingo, husema, "Umepanda," na unakwenda zako kuoga. Shingo ikiwa imelowa kuliko mgongo, husema, "Umebebwa," na hapo hakuna rufaa. Unalivua tandiko, unalipakata, na kulibeba kwa mikono yako kupita uwanja mzima hadi chumba cha matandiko, mbele za watu, huku farasi akikufuata nyuma bila mzigo wowote, bosi kamili.

Maelezo yake ni haya. Mpandaji mlegevu hudundadunda, na farasi hubeba uzito wake pamoja na uvivu wake. Mpandaji anayefanya kazi hujibeba mwenyewe kwa mapaja, tumbo na kiuno, kila hatua, kwa dakika arobaini, na mtu akijibeba mwenyewe dakika arobaini lazima atoke jasho. Daktari wa mifugo wa klabu aliwahi kumweleza kwamba jasho la farasi lina sababu nyingi, hali ya hewa ikiwemo. Mwalimu alimsikiliza kwa heshima zote, akamshukuru, kisha akaendelea kupima.

Mimi niliingia darasani mwaka wangu wa kwanza hapa kwa kosa la mdomo wangu. Nilimwambia mgeni mapokezini, tena kwa sauti, kwamba kwenye mchezo huu anayefanya mazoezi ni farasi. Mwalimu alikuwa anapita dirishani. Kesho yake nilikuta kofia ya kupandia juu ya meza yangu, saizi yangu kabisa. Baada ya kipindi cha kwanza nilirudi nyumbani kwa mwendo wa bata, mume wangu akacheka hadi akalazimika kuketi. Nilikuwa na misuli ndani ya mapaja ambayo sikuwahi kutambulishwa kwayo, na yote ilikuwa inanililia kwa wakati mmoja.

Nilibebwa mara tisa mfululizo. Mara ya kumi nikaona nitumie akili. Dakika tano kabla ya kipindi kuisha niliomba ruhusa kwenda msalani, nikapitia bomba la nyuma ya banda, nikajimwagia maji mgongoni. Mwalimu alipofika kwangu aliweka kiganja, akafumba macho, akayafumbua. Akakigusisha kidole ncha ya ulimi. Kisha akasema kwa upole ulioniuma kuliko makelele, "Mdogo wangu, maji ya bomba hayana chumvi."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa fupi kweli: kutoka bombani hadi uwanjani. Nilibeba tandiko siku ile, na nikalibeba Jumanne iliyofuata kwa kuhesabiwa riba. Lakini aliniambia pia neno ambalo limenikaa kichwani miaka yote hii. Alisema kiganja kikidanganywa haumii mwalimu wala farasi. Anayeumia ni mwenye mgongo, kwa sababu hatajua kamwe alipofika. Mara ya kwanza kuambiwa "Umepanda" ilikuwa kipindi changu cha kumi na nne. Nilikwenda kuoga nikilia, na sioni haya kusema.

Sikuwa mjanja peke yangu. Mwalimu ana zoezi la majani: huchuma majani mawili kwenye ua wa miti nyuma ya ofisi na kukuwekea moja kila goti, kati ya goti na tandiko. Magoti yakilegea, jani linaanguka, nawe unashuka, unaliokota, na kupanda tena kutoka chini bila kigoda. Wapo waliopanda na kushuka mara ishirini asubuhi moja, na hilo nalo ni zoezi la kutosha. Mchora ramani wetu, mtu msomi na mwenye heshima zake, aligundisha majani yake kwa gundi ya ofisini. Hayakuanguka. Mwalimu alimsifu mbele ya wote, akamwambia majani yaliyotulia namna ile asiyaondoe, aende nayo kazini wenzake wayaone. Gundi ilikuwa nzuri mno. Alihudhuria kikao cha idara yake akiwa na jani kila goti, na suruali ile hadi leo ina vivuli viwili vya kijani.

Daftari langu linaonyesha kwamba watu mia nne na kumi na wawili wamepita katika Darasa la Viti. Dereva wa lori aliyekuwa akishushwa kwenye gari na utingo wake siku hizi anamshusha utingo. Mpokea simu wa hospitali, ambaye ngazi za ghorofa ya pili zilikuwa zikimmalizia pumzi, anapanda hadi ya tano akizungumza. Na yupo bibi mmoja, karani mstaafu wa posta, aliyekuja miaka saba iliyopita akitembelea mkongojo. Mkongojo huo sasa umesimikwa bustanini kwake, unashikilia mche wa nyanya. Kumbukeni bibi huyu, kwa kuwa bila yeye wasifu huu ungekuwa tanzia ya darasa.

Mwenyekiti wa kamati yetu ni mtu mwema, naye ndiye anayeusoma wasifu huu kabla ya kuchapwa, kwa hiyo naandika kwa uangalifu. Ameahidi hatafuta neno. Mwezi wa pili mwaka huu, alipoona tarehe ya kustaafu ya mwalimu inakaribia, alipendekeza kwamba mwalimu akiondoka Darasa la Viti nalo lifungwe, na saa zake wapewe waruka viunzi. Alikuwa na hoja moja tu. Mtu aliye juu ya farasi amekaa, na kukaa ni kukaa, iwe juu ya farasi au juu ya kochi. Mwenyekiti alikuwa na miaka minne kwenye kiti hicho cha uenyekiti na hakuwa amepanda farasi hata mmoja.

Mwalimu alikuwa amealikwa kikaoni. Mimi nilikuwa naandika kumbukumbu, na niliona mikono yake ikitua mezani, viganja chini, vyote viwili. Hakupaza sauti. Alisema tu kwamba miaka thelathini na moja si mingi ikiwa kitu ulichokijenga kinabaki, lakini ni mingi sana ikiwa kinafutwa siku unayoondoka. Sijawahi kumwona akikaribia kulia isipokuwa siku ile. Mwenyekiti akawa anapanga karatasi zake upya ingawa zilikuwa zimepangika.

Ndipo yule bibi wa mkongojo alipokohoa. Yeye ni mwakilishi wa wanachama kwenye kamati. Pia, kwa mipango ya Mungu, ni mama mkwe wa mwenyekiti. Alisema, "Mwanangu, panda kwanza, halafu ndiyo useme."

Mwanamume anaweza kubishana na mwalimu, na kamati, hata na daktari. Kubishana na mama mkwe hadharani ni habari nyingine. Mwenyekiti akakubali, na maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Makubaliano yaliandikwa, ninayo: apande dakika arobaini, na akishuka akaweza kusema mbele ya kamati kwamba alikuwa amekaa, mwalimu mwenyewe atalifuta darasa ubaoni.

Alipewa Shangazi, jike wetu mzee kuliko wote, ambaye mpandaji akilegeza mgongo husimama na kugeuka kumtazama. Mwenyekiti alitazamwa mara nyingi. Kufikia dakika ya kumi na mbili kijasho chembamba kilikuwa kinamtoka kwenye paji la uso, akauliza bado ngapi, akaambiwa, akaomba saa ikaguliwe. Mwalimu alimzungusha kwa mwendo wa kudundadunda, akamwondolea vikuku vya kukanyagia, akamweka majani magotini. Alikiona cha mtema kuni. Aliposhuka alilishika tandiko kwa mikono miwili na hakuliachia, kwa sababu lilikuwa ndilo linalomsimamisha. Kamati nzima ilikuwa ukingoni ikisubiri aseme alikuwa amekaa. Hakusema. Mwalimu akapima kwa viganja, akatoa hukumu, na mwenyekiti wetu akalibeba tandiko la Shangazi kupita uwanja wote, mama mkwe akimpigia makofi. Ijumaa iliyofuata nilipofika kufungua geti, nilimkuta ameshafika.

Darasa likapona, lakini nusu. Kanuni za klabu ziko wazi, na mwenyekiti hakuweza kuzipindisha hata alipotaka. Ili darasa libaki kwenye ubao wa ratiba, lazima liwe na mwalimu mwenye cheti, tena mwenye fomu iliyotiwa saini na mwalimu anayeondoka. Siku ya mwisho ilikuwa hii hii tarehe thelathini. Pasipo jina ubaoni, hakuna darasa. Walimu wetu wengine wawili ni watu wa viunzi, wakaomba radhi kwa adabu. Mwalimu akaja mapokezini, akaegemea meza yangu, akanitazama kama anavyomtazama farasi anayetaka kumnunua, akasema jina litakuwa langu.

Nilimwambia mimi ni karani. Akaniambia kwamba kwa miaka kumi na tisa nimeandika daftarini mgongo wa kila mtu, nani anaumwa wapi na nani anadanganya, na kwamba farasi wananijua. Nikamwambia naogopa. Akasema hilo ni sawa, mtu asiyeogopa huanguka. Tulifanya mazoezi miezi saba, asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi, yeye amesimama katikati ya uwanja na goti lake la kulia limefungwa bendeji. Goti hilo lilikuwa limemkataza kupanda kipindi kizima kwa miaka minne, ingawa ni wachache waliojua. Nikafanya mtihani. Nilifaulu mara ya kwanza, jambo ambalo hajanisamehe kabisa.

Ilibaki saini yake. Nilimpelekea fomu, akaikunja, akaitia mfuko wa shati, akasema bado. Wiki ikapita, akasema bado. Mwenyekiti alimuuliza, akajibiwa bado. Mama mkwe wa mwenyekiti alimuuliza, naye akajibiwa hivyo hivyo, kwa heshima zaidi. Hata mumewe, fundi redio, alinong'onezwa na sisi ajaribu nyumbani. Alirudi na jibu kwamba kuna kitu kimoja mkewe hajakiona kwangu, na akishakiona atasaini. Ni kitu gani, hakusema. Nilijipekua kila mahali. Nilishusha visigino hadi nikahisi vitang'oka. Zikabaki siku tatu.

Ijumaa iliyopita lilikuwa darasa lake la mwisho. Watu walikuja zaidi ya farasi tulio nao. Mumewe alikuja na kamera, binti yake akaja na mjukuu akamkalisha juu ya ua wa uwanja. Mwalimu akatangaza kwamba leo mimi nafundisha na yeye ni mwanafunzi. Akafungua bendeji ya goti, akaitia mfukoni kulikokuwa na ile fomu, akampanda Shangazi kutoka chini, bila kigoda. Nilisimama katikati ya uwanja, mahali pake. Nilipofungua mdomo, kilichotoka ni "Visigino chini!", na vyake ndivyo vilivyoshuka kwanza.

Alipanda vizuri. Niseme hivyo kwanza, maana ni kweli: mgongo wima, mikono imetulia, macho mbele. Lakini tangu dakika ya ishirini goti la kulia lilikuwa halishiki tena, na Shangazi, ambaye humgeukia kila mtu, hakumgeukia yeye. Alinyoosha shingo na kubeba. Niliona, na nadhani wengi waliona.

Kipindi kikaisha, wote wakashuka, nikaanza kupita na viganja vyangu. Dereva wa lori, umepanda. Mama mkwe, umepanda. Mchora ramani, umepanda, na leo bila gundi. Mwenyekiti, umebebwa, pole. Nikafika kwa Mwalimu. Kiganja cha kushoto nikakiweka shingoni mwa Shangazi: kililowa. Cha kulia nikakiweka mgongoni mwa mwalimu wangu, kati ya mabega. Kwenye ukosi palikuwa na unyevu kidogo. Chini yake palikuwa pakavu.

Nilifumba macho kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Mjukuu wake alikuwa ananitazama, mumewe amenyanyua kamera. Lilikuwa neno moja tu, na hakuna mtu duniani ambaye angenilaumu kwa kulisema. Miaka thelathini na moja, jamani. Kisha nikalikumbuka bomba la nyuma ya banda, na kidole kwenye ncha ya ulimi. Nikafumbua macho na kusema, "Mwalimu, leo umebebwa."

Mwalimu alifungua mikanda ya tandiko taratibu, mmoja baada ya mwingine, akaliteremsha, akalipakata kifuani. Mwenyekiti alimkimbilia kumpokea, mwalimu akamtikisia kichwa. Akaanza kutembea. Robo ya njia goti likamgomea, akasimama, akavuta pumzi, akaendelea. Hapo mama mkwe wa mwenyekiti, ambaye alikuwa amepanda na hakuwa na deni lolote, akavua tandiko la farasi wake, akalipakata na kumfuata. Dereva wa lori akafuata, kisha mchora ramani, kisha wote. Ulikuwa msafara wa watu kumi na wawili wamebeba matandiko, na farasi kumi na wawili nyuma yao hawana hata kamba.

Kwenye chumba cha matandiko alilitundika la Shangazi mahali pake, akatoa fomu mfukoni, akaikunjulia juu ya tandiko hilo hilo, akaniomba kalamu. Alipokuwa ameinama anaandika, nilimwekea kiganja mgongoni tena. Safari hii ulikuwa umelowa chapachapa. Alitia saini, akanirudishia kalamu, akasema, "Sasa darasa lina mwalimu." Ile fomu ina alama ya kiganja chake pembeni, ya unyevu, wino umechujuka kidogo. Nimeitia kwenye faili hivyo hivyo, na jina liko ubaoni.

Mwalimu, kwa niaba ya kamati, wafanyakazi, na migongo mia nne na kumi na miwili inayosimama wima huko iliko, asante. Tumesikia kwamba cherehani yako imefunuliwa baada ya miaka thelathini na moja na kwamba binti yako ameshaagiza mapazia. Shona, lakini usiinamie. Mpe mumeo wa redio nafasi ya kukupikia chai bila kukusubiri juu ya ngazi. Goti lako lipone, mjukuu wako akue akiona bibi yake anageuza shingo pande zote mbili, na siku zako zote zilizobaki zikukute una afya na furaha.

Na usidhani umetuponyoka. Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Shangazi atakuwa ametandikwa. Jina lako kamili, lile lililo kwenye faili, nimeliandika kwa mkono wangu mwishoni mwa orodha ya wanafunzi.